KUMTOA MTU KWENYE PICHA BILA KUMPUNGUZA
Maelezo ya kazi ya vijana wetu wa Mabibo kwa kamati za sharika na wahisani



Katika vikao vya kamati za sharika tulivyohudhuria siku za karibuni, maswali mawili yamejirudia kuhusu kikundi cha vijana wa picha na uchapaji kilichopo Mabibo. Swali la kwanza: kwa nini picha ya pasipoti inakamilika kwa dakika kumi, lakini picha ya kumbukumbu ya marehemu inaweza kuchukua nusu siku, wakati kazi zote mbili zinafanywa na kompyuta ileile? Swali la pili limetoka kwa wahisani: kwa nini katika maombi ya safari hii tumeomba vitambaa, taa na stendi, badala ya kompyuta mpya yenye nguvu zaidi?

Maswali haya ni ya haki, na majibu yake yanahusiana. Katika makala hii tutaeleza kazi moja ambayo vijana wanaifanya karibu kila siku, nayo ni kumkata mtu kutoka katika picha na kumwondolea mandhari ya nyuma, hasa mtu mwenye nywele, shela au lesi. Tutaeleza pia kosa tulilolifanya, kwa sababu ndilo lililotufundisha zaidi kuliko mafunzo yenyewe.

Kwa nini kazi hii ipo Mabibo

Kwa wahisani wetu wasioifahamu, Mabibo ipo katika Manispaa ya Ubungo, eneo ambalo zamani lilikuwa chini ya Kinondoni. Hapa kuna Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kuna hosteli ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuna soko linalojulikana kwa ndizi. Hivyo wateja wa picha hawakosekani. Mwanafunzi anataka picha ya kitambulisho, na ofisi moja inamtaka nyuma kuwe bluu, nyingine inataka nyeupe. Bibi harusi anataka picha yake iwekwe kwenye kadi ya shukrani. Mfanyabiashara wa sokoni anataka picha yake kwenye bango la duka.

Kazi iliyo nzito kuliko zote ni ya msiba. Familia inafika asubuhi na picha moja tu ya marehemu, mara nyingi ya kundi: ya kipaimara, ya harusi ya jirani, au ya kikundi cha akina mama. Wanataka atolewe humo, akuzwe, na awekwe kwenye fremu itakayosimama mbele ya jeneza siku ya maziko. Inatakiwa pia picha hiyohiyo kwa jalada la programu ya ibada. Muda ni mfupi, na nafasi ya kurudia mara nyingi haipo.

Kosa letu

Mwaka wa kwanza wa kikundi, alifika mama mmoja na picha ya bibi aliyefariki, ambaye ni mama yake mzazi. Ilikuwa picha ya karatasi ya sentimita 10 kwa 15, yenye watu wapatao thelathini mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Bibi alikuwa mstari wa pili, kichwa wazi, mvi zake hazijafungwa. Mkono wa mtu aliyesimama nyuma ulikuwa umewekwa begani kwake.

Kijana aliyepokea kazi aliichukua kwa skana, akamzungushia bibi mstari, akafuta kila kilichokuwa nje ya mstari, akaondoa ule mkono na kuchora bega jipya, kisha akaweka nyuma ya bluu iliyokoza. Kwa macho ya haraka ilikuwa kazi safi. Mama alipoiona alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, umemvalisha mama yangu sufuria."

Alikuwa na haki. Nywele zote laini za pembeni zilikuwa zimepotea na kichwa kimebaki na ukingo mgumu kama wa chombo. Pembezoni mwa masikio kulikuwa na utepe mweupe wa chokaa ulioganda. Bibi aliyejulikana mtaa mzima kwa mvi zake alikuwa amekwisha kunyolewa na kompyuta.

Picha imejengwa na nini

Ili kuelewa kilichotokea, lazima kwanza tuelewe kwamba picha ya kompyuta ni vigae vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli, vilivyopangwa kama sakafu ya marumaru. Kila kigae kina rangi moja tu. Hakiwezi kuwa na rangi mbili kwa wakati mmoja.

Tuchukue picha ya bibi. Uso wake kwenye karatasi ulikuwa na upana wa milimita 5 hivi. Skana yetu iliwekwa kusoma vigae 600 kwa kila inchi, kwa hiyo uso mzima ulipata vigae 118 kutoka sikio hadi sikio. Uso wa mtu mzima una upana wa takribani sentimita 15. Ukigawanya, kila kigae kimebeba zaidi ya milimita moja ya bibi halisi.

Unywele wa binadamu una unene wa kati ya milimita 0.05 na 0.1. Maana yake ni kwamba katika kigae kimoja zingeweza kulala nywele zaidi ya kumi kando kwa kando. Hivyo basi, katika picha ile hakuna unywele hata mmoja unaoonekana peke yake. Kilichopo pembezoni mwa kichwa ni vigae ambavyo ndani yake nywele na ukuta vimechanganyika, kama chai na maziwa. Kijana alipozungusha mstari wake, alikuwa anailazimisha kompyuta ijibu swali lisilo na jibu: je, kigae hiki ni nywele au ni ukuta? Ni vyote viwili.

Ni kiasi gani cha kila kimoja?

Swali sahihi, basi, ni hili: katika kigae hiki, nywele ni kiasi gani na ukuta ni kiasi gani? Wataalamu wa michoro ya kompyuta walilitambua jambo hili mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko New York, Alvy Ray Smith na Ed Catmull walikipa kila kigae namba ya ziada, mbali na zile za rangi, inayoonyesha kimefunikwa kwa kiasi gani. Waliiita alfa. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa kampuni ya Lucasfilm walichapisha hesabu kamili ya kuunganisha picha kwa kutumia namba hiyo. Programu tunazotumia leo bado zinafuata hesabu ileile.

Tuioneshe kwa mfano. Mwangaza wa kigae huhesabiwa kuanzia 0, ambayo ni nyeusi kabisa, hadi 255, ambayo ni nyeupe kabisa. Tuseme kijana mwenye nywele nyeusi za mwangaza 30 amesimama mbele ya ukuta wa mwangaza 230. Katika kigae ambacho nywele zimefunika robo tu, kamera itaona robo ya 30 ambayo ni 7.5, na robo tatu za 230 ambazo ni 172.5. Jumla ni 180.

Namba hiyo 180 ndiyo chanzo cha matatizo yote. Ukikiacha kigae hicho kama kilivyo na kukiweka juu ya bluu iliyokoza, kitang'aa. Huo ndio utepe mweupe unaouona kwenye mabango mengi mitaani, kama vile mtu amezungushiwa chaki. Ukikifuta, umenyoa. Njia sahihi ni kuiambia kompyuta kwamba robo ya kigae ni nywele nyeusi za 30, na robo tatu zilizobaki ziwe wazi ili rangi mpya ya nyuma ipenye.

Sasa tumrudie bibi. Tuseme mvi zake zilikuwa na mwangaza wa 210, na ukuta ni uleule wa 230. Kigae chenye robo ya mvi kitakuwa na 225. Tofauti yake na ukuta mtupu ni namba 5 tu kati ya 255, na punje za kawaida za picha ya karatasi zinaweza kuzidi hapo. Kompyuta haikuziona mvi kwa sababu pale hapakuwa na tofauti ya kuona. Kompyuta yenye nguvu mara kumi isingeziona pia.

Lakini kama bibi angepigwa picha mbele ya kitambaa cha kijivu kilichokoza chenye mwangaza wa 60, kigae hichohicho kingekuwa na 97.5, yaani tofauti ya zaidi ya 37. Hapo hata kijana anayeanza kazi angeziona. Hili ndilo jibu la swali la wahisani. Kitambaa na taa huweka ndani ya picha taarifa ambayo kompyuta haiwezi kuitengeneza baadaye.

Kazi hii si ngeni kwetu

Wapo wanaofikiri kumkata mtu na kumweka mahali pengine ni jambo lililoletwa na kompyuta. Sivyo. Huko Lamu, mpiga picha Omar Said Bakor, aliyeishi kuanzia 1932 hadi 1993, alikuwa akikata sura za wateja wake kwa mikono na kuzipanga upya ndani ya picha nyingine, na kazi zake zimeandikwa na watafiti wa sanaa ya picha ya pwani yetu. Wapiga picha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, wao walifanya kinyume: walimwacha mteja alipo na kumwekea nyuma yake pazia lililochorwa meli au ndege.

Katika sinema, Petro Vlahos alibuni njia ya kuwatenganisha waigizaji na pazia la bluu, nayo ilitumika katika filamu ya Ben-Hur ya mwaka 1959. Bluu ilichaguliwa kwa sababu ni rangi iliyo mbali na rangi za ngozi ya binadamu. Siri yao wote ni moja: aliyetayarisha vizuri nyuma ya mtu kabla ya kupiga picha alipunguza sana kazi ya kumkata.

Hatua ambazo vijana wanazifuata sasa

Programu ya Photoshop ilitoka mwaka 1990 na ndiyo inayojulikana zaidi. Sisi tunatumia GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Inatolewa bure na inafanya kazi bila intaneti. Baada ya kosa lile tulikubaliana na vijana utaratibu ufuatao.

(a) Picha ya asili haiguswi. Inahifadhiwa mahali pake, na kazi inafanyika kwenye nakala.

(b) Kingo zinagawanywa. Bega, kola ya shati na kiuno vina ukingo mgumu, hivyo vinazungushiwa mstari kwa kifaa cha kalamu, nukta kwa nukta. Nywele, manyoya, lesi na shela vinaachwa kwa ajili ya hatua nyingine. Kosa la wengi ni kutumia kifaa kimoja kwa mwili mzima.

(c) Kwa nywele, kijana anafungua chaneli za rangi. Kila picha ya rangi ni picha tatu zilizolaliana, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Anatazama moja moja na kuchagua ile ambayo nywele na ukuta vimeachana zaidi. Mtu mwenye nywele nyeusi aliyesimama mbele ya ukuta wa bluu, kwa mfano, huachana nao zaidi katika chaneli ya bluu, ambapo ukuta unang'aa na nywele zinabaki giza. Chaneli hiyo inanakiliwa, na tofauti yake inaongezwa taratibu mpaka nywele zisimame peke yake.

(d) Nakala hiyo inageuzwa kuwa maski. Maski ni picha ya nyeusi, nyeupe na kijivu inayolazwa juu ya picha halisi: penye nyeupe mtu anaonekana, penye nyeusi anafichwa, penye kijivu anaonekana kwa kiasi. Hii ndiyo ile namba ya alfa iliyo mbele ya macho. Faida yake ni kwamba hakuna kilichofutwa. Ukikosea, unapaka nyeupe kwa brashi na nywele zinarudi. Kijana aliyetumia kifutio hana pa kurudi.

(e) Rangi ya ukuta wa zamani inasafishwa ukingoni. Hata maski ikiwa nzuri, kigae chenye robo ya nywele bado kimebeba namba 180. Kijana anachukua rangi ya nywele za ndani kidogo na kuipaka taratibu kwenye ukingo, bila kugusa maski. Utepe wa chaki unaondoka.

(f) Kazi inajaribiwa juu ya nyuma tatu: nyeusi, nyeupe na kijivu. Picha inayopendeza kwenye nyeupe inaweza kuaibika kwenye nyeusi.

(g) Ndugu wa mwenye picha anaonyeshwa kabla ya kuchapa. Hatua hii haipo katika kitabu chochote cha kompyuta, lakini sisi hatuiruki.

Mitindo ya nywele zetu nayo ina mambo yake. Twende kilioni na mabutu ni mepesi, kwa kuwa nywele zimefungwa na ukingo unaonekana. Rasta zinazoning'inia zinahitaji kalamu kwa kila rasta na chaneli kwa ncha zake. Afro inahitaji maski laini pande zote, na hapo ndipo mwenye haraka hufanya duara kama mpira. Shela la bibi harusi ni gumu kuliko yote, kwa sababu hata katikati yake, siyo ukingoni tu, linaonyesha kilicho nyuma. Haliwezi kuwa jeupe kabisa kwenye maski. Linapaswa kuwa kijivu kote.

Kuhusu huduma za mtandaoni na simu

Baadhi ya wajumbe wametuuliza kwa nini tuteseke wakati mtandaoni kuna huduma zinazoondoa nyuma ya picha kwa sekunde chache. Ni kweli. Huduma kama remove.bg ilianza mwaka 2018, na tangu mwaka 2022 simu za iPhone zimekuwa na uwezo wa kumtoa mtu kwenye picha kwa kumbonyeza kidole. Programu hizi zimefundishwa kwa picha nyingi sana mpaka zikajifunza kukisia ukingo ulipo. Kwa picha ya kitambulisho ya mtu mwenye nywele fupi, vijana wetu wanakubali kwamba zinafanya vizuri, na huwasaidia kuanza kazi.

Hata hivyo, tuna sababu mbili za kutozitegemea. Kwanza, zinakisia. Pale mvi zinapofanana na ukuta, programu huamua yenyewe kichwa kiishie wapi, na haimfahamu marehemu. Pili, huduma za tovuti zinahitaji picha itumwe kwenye kompyuta za watu wengine, mbali na hapa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde, na inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti. Mzazi aliyeleta picha ya mwanawe dukani hajaturuhusu kuituma popote. Kwa hiyo picha za watoto na za misiba zinakatwa kwenye kompyuta ya kikundi, bila intaneti.

Kazi inayofanyika kabla ya kompyuta

Kwa picha mpya, vijana sasa wanatumia muda mwingi kumpanga mteja kuliko kumkata. Mambo wanayozingatia ni rahisi, na kamati yoyote ya usharika yenye mpiga picha wake inaweza kuyafuata:

1. Mtu asimame mita moja na nusu hadi mbili mbele ya kitambaa. Akikiegemea, kivuli chake kinashikamana na nywele, na rangi ya kitambaa inamrudia shingoni.

2. Kitambaa kitofautiane na nywele. Kwa nywele nyeusi, kijivu hafifu au bluu hafifu inafaa. Kwa mvi, kijivu kilichokoza. Kitambaa cheupe si cha kila mtu.

3. Mwanga uwe wa pande mbili, au wa dirishani na upande wa pili pawekwe ubao mweupe unaourudisha. Kitambaa nacho kipate mwanga wake.

4. Kamera au simu iwekwe kwenye stendi. Picha iliyotikisika inachanganya vigae hata vile visivyo vya ukingoni.

5. Picha ya karatasi isipigwe tena kwa simu kama skana ipo, na isitumwe kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwani hubanwa na kupoteza vigae vingi. Itumwe kama faili.

Picha ambazo hatuzikati

Sasa tunafika kwenye jambo linalozihusu kamati na wahisani moja kwa moja. Baada ya kuona vijana wanaweza, baadhi yetu tulianza kutamani zaidi. Kamati moja ilileta picha za darasa la watoto wadogo lililokuwa limefikia usawa wa renta, bila paa. Waliomba watoto watolewe pale na kuwekwa mbele ya jengo lililokamilika la mahali pengine, ili ripoti ipendeze. Hawakuwa na nia ya wizi. Walihofia kwamba mfadhili akiona jengo halijaisha ataona fedha zake zimepotea.

Tulikataa, na tunapenda sababu zetu zijulikane. Picha ya ripoti ni ushahidi. Katika picha ya kumbukumbu, mandhari ya nyuma huwa imeingia kwa bahati tu, na familia yenyewe ndiyo inayoomba iondolewe. Katika picha ya mradi, mandhari ya nyuma ndiyo habari yenyewe: ukuta umefika wapi, paa lipo au halipo, watoto wanakaa kwenye nini. Ukimtoa mtoto humo, umemdanganya anayesoma, na umemwondoa mtoto mahali anapoishi. Kamati ile ilikubali kutuma picha ya darasa lisilo na paa, ikiandika chini yake kiasi kilichotumika na kilichobaki.

Kuna upande wa pili wa kosa hilohilo, na wahisani wetu wauelewe pia. Mara nyingine tunaombwa picha ya mtoto mmoja mwenye huzuni, peke yake, juu ya nyuma nyeusi, kwa ajili ya kuchangisha. Mtoto yule katika picha ya asili alikuwa na mama yake, wenzake, na ndoo ya maji aliyotoka kuichota. Ukimkata akabaki peke yake, msomaji atadhani hana mtu. Baada ya njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984 na 1985, mjadala wa picha za namna hiyo ulikuwa mkubwa, na mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalipitisha kanuni za maadili kuhusu picha na ujumbe unaohusu nchi zetu. Kanuni hizo zilihuishwa mwaka 2006. Nasi tunazifuata kwa kiwango chetu: katika jarida hili mtoto hakatwi kutoka kwa watu wake.

Vilevile picha za pasipoti na viza zina masharti yake, na ofisi nyingine hazikubali picha iliyofanyiwa marekebisho ya kompyuta. Kwa hizo vijana wanampiga mteja mbele ya kitambaa cha rangi inayotakiwa, basi.

Ilivyokuwa kwa bibi

Wasomaji watapenda kujua kazi ya bibi iliishaje. Maziko yalikuwa kesho yake mchana. Vijana wawili walibaki hadi usiku, na umeme ulipokatika wakasubiri. Kwa kuwa mvi hazikuweza kutenganishwa na chokaa, waliacha kuzitenganisha. Badala ya kumwekea bibi nyuma ya bluu iliyokoza, walichagua rangi ya krimu iliyo karibu na chokaa yenyewe, wakaacha ukuta wa asili kiasi cha upana wa vidole viwili kuzunguka kichwa, kisha wakauyeyusha taratibu kuingia kwenye ile krimu. Hakuna unywele uliokatwa.

Kuhusu ule mkono begani, kijana alimpigia mama simu kuuliza. Mama akasema uachwe, kwa sababu ni mkono wa mdogo wake bibi, naye atakuwepo msibani. Bega la kuchorwa likaondolewa na mkono ukarudi.

Picha haikuwa kali. Uso wa milimita 5 uliokuzwa hadi sentimita 10 umeongezeka mara 20, na hakuna kompyuta inayorudisha kisichokuwepo. Lakini asubuhi mama alipoipokea aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Ndiye," akaondoka nayo.

Maombi yetu

Ndugu wanakamati, tunawaomba mfanye mambo matatu kabla ya toleo lijalo. Kwanza, wakumbusheni waumini kupiga picha za wazee wao sasa, mmoja mmoja, mbele ya kitambaa kinachotofautiana na nywele zao, na kuzihifadhi kama faili kamili. Pili, mtupatie picha za miradi kama zilivyo, hata kama kazi haijaisha. Tatu, kijana anapowaambia kazi ya nywele inahitaji saa tatu, msimharakishe.

Ndugu wahisani, maombi yetu ni vitambaa vitatu vya rangi tofauti, taa mbili na stendi mbili. Kompyuta tuliyonayo inatosha. Tunawakaribisha mpitapo Dar es Salaam mfike Mabibo, mkae mbele ya kitambaa, mpigwe picha.